Bei ya Mbwa Aliyebebwa kwa Kitenge

Salome, nina hasira, acha nikusimulie.

Unamjua Bobi, mbwa wa mama. Kang'atwa tumboni na mbwa wenzake hapa Izia. Asubuhi mama kamfunga kwenye kitenge chake kipya, kambeba hadi kwa daktari wa mifugo. Kumshona, laki moja na nusu.

Laki na nusu, Salome.

Na mbele yake alihudumiwa mzee Eustaki, kaja na gambuti zake za shamba, anamburuta mbwa wake kwa kamba. Jeraha lile lile. Elfu arobaini. Mama kasikia kwa masikio yake.

Akauliza kulikoni. Daktari hata haya hana: "Yule ni wa kulinda mahindi, mama. Wako ni wa kupendwa."

Wa kupendwa. Yaani anatoza upendo.

Mama akamfungua Bobi, akamlaza sakafuni, akasema basi hata huyu analinda mahindi. Jamaa akacheka. "Nimeshaona ulivyombeba."

Kalipa. Angefanyaje, na utumbo unaonekana?

Wakati wa kuondoka anaulizia kitenge chake. Wamefutia damu mezani.