Mlinzi wa Ghala

3 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kunijibu kabla sijaliuliza. Nanyi natumaini hamjambo, isipokuwa mumeo, ambaye namwombea mafua.

Barua yako nimeisoma: mtoto wa miaka minane anatumwa uani jioni akalete ndoo, anajinasa kwenye kamba ya nguo, anaanguka, kisha mumeo anamchapa eti ni mwoga. Mwalimu naye anamwita mvivu kwa kuwa ananakili vitu ambavyo ubaoni havipo. Sasa mumeo anataka muhula ujao arudi darasa la kwanza, akae na wanaonyonya vidole. Fundi bomba huyo, macho ya mtoto ameyajulia kwenye bomba lipi? Mpeleke mjukuu wangu hospitali kabla sijaja huko na bakora.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Sisi tupo. Habari za goti nitauliza siku nyingine.

Nilimpeleka. Daktari wa macho alimpachika vioo kimoja kimoja mpaka mtoto akasoma herufi za mstari wa chini kabisa. Kisha akaniambia mambo ni mawili. Gizani haoni, amezaliwa hivyo, na dawa hakuna. Mchana haoni mbali, na hilo linasaidiwa na miwani, aivae kutwa. Alisema kwa watoto wa kiume haya mawili mara nyingi huja pamoja, kutoka kwa babu mzaa mama. Mama hupitisha tu, mwenyewe haumwi. Akauliza kama baba yangu huona gizani.

Nilicheka, Baba. Nikamwambia baba yangu alilinda ghala usiku miaka kumi na moja, na mwizi alimkamata kwa mikono yake.

Mume wangu alipopata habari akasema daktari anatafuta wateja. "Babu yake alikesha kwenye giza la ghala, huyu anashindwa kuvuka ua?" Miwani ameifungia kwenye sanduku lake la zana.

Nikampigia shangazi. Akasema nikuulize wewe. Nakuuliza. Usiniletee mzaha.

Mwanao

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua hujibu, simu hupokei. Jana nilimkuta mtoto amejifungia stoo, jasho linamtoka, ameweka mkono mbele ya uso anajaribu kuhesabu vidole. Anasema anafanya mazoezi awe kama babu.

Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Salamu leo zikae pembeni. Msomee mumeo barua hii kwa sauti, mtoto akiwepo, na usiruke panaponivunjia heshima.

Mimi gizani sioni. Sijawahi kuona. Kazi ya ghala niliiomba mchana, na tajiri hakuuliza. Nilifunga kamba ya makopo mlangoni, nikakaa kwenye kiti, nikalinda kwa masikio. Usiku ule makopo yalipolia niliinuka nikakimbilia upande ambao mwizi hayupo. Yeye ndiye aliyenigonga akitafuta njia ya kutokea. Tukaanguka, mimi nikawa juu kwa sababu ya uzito wa tumbo tu. Watu walipokuja na taa wakaniita shujaa. Kukanusha sikuweza, pumzi ilikuwa imekatika. Asubuhi pumzi ilikuwa imerudi, na bado nikanyamaza. Nimenyamaza miaka arobaini.

Uliponiandikia habari za ndoo, nilijua mtoto ana nini kabla sijafika mwisho wa barua. Nikamtukana mumeo, maana kumtukana yule hakuhitaji ushujaa. Ya pili ikaja, nikaificha chini ya godoro kama mtoto aliyevunja kikombe. Hii ya stoo sikuweza kuificha.

Na mchana vilevile. Mlisema nina kiburi, napita watu njiani bila salamu. Nilikuwa siwaoni. Jana nimepimwa, nimepewa miwani. Nimemwona jirani yangu vizuri baada ya miaka ishirini, afadhali zamani.

Mkwe wangu, fungua sanduku hilo leo. Jumatatu mtoto aingie darasani kwake na miwani yake, na jioni akienda uani mshike mkono. Wewe mjukuu wangu, toka stoo. Hakuna aliyewahi kufuzu mazoezi hayo.

Na kama bado mnatafuta mwoga wa kuchapwa katika nyumba hiyo, mkwe, mwoga yuko huku, ana miaka sabini na mbili. Njoo mchana. Safari hii nitakuona tangu mbali.

Babu yake