Kiti Laini cha Safari ya Manono

Kalemie, Alhamisi, 12 Novemba 1987. Mvua.

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukoma. Ziwa silioni, na nyumba ya jirani naiona nusu. Ninaandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya cherehani, kwa sababu tangu nirudi Jumatatu sijaweza kukaa. Fundi wa kushona asiyeweza kukaa! Wateja wanaulizia nguo zao, nami nawaambia nina malaria. Malaria ni ugonjwa wa heshima. Nilicho nacho mimi hakitajwi.

Nitakitaja hapa, maana hapa hakuna anayenisikia. Nina vidonda kwenye makalio na ndani ya mapaja, na kimoja kipo mahali ambapo tangu nizaliwe sijapataja kwa sauti. Kiti cha baiskeli ndicho kilichonifanya hivi. Kiti nilichokichagua mwenyewe, nikakishonea mto mwenyewe, nikakisifu mwenyewe.

Mjinga ni mimi.

Feza, mwanangu wa pekee, ameolewa Manono, kwa watu wa machimbo ya bati. Mwezi uliopita aliniletea barua kwamba mimba yake ya kwanza imefika miezi minane, nije upesi. Kwetu mimba ya kwanza ni kazi ya mama mzazi. Binti anashika kiuno cha mama yake, analilia kwenye kitenge cha mama yake, hata matusi akitaka anatukana. Mbele ya mama mkwe hathubutu kuguna. Akiguna, atasimangwa mpaka uzeeni kwamba ni mwoga. Kwa hiyo mama huenda, awe na nauli au asiwe nayo. Marehemu mama yangu alitoka pande za Fizi kwa mtumbwi akaja kunipokea mimi nilipomzaa Feza, na mgongo wake ulikuwa mbovu kuliko wangu.

Treni ambayo ingenisogeza imelala kituoni kwa kukosa mafuta ya mazutu. Malori hayapiti, barabara imekuwa uji. Wanaofika Manono siku hizi ni wachukuzi wa baiskeli, na wao wakienda hupakia chumvi na samaki wakavu, hawapakii wajane. Ila baiskeli ninayo. Mume wangu aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyehama, nayo ni ya kike, haina bomba la juu. Kiti chake tu ndicho kilikuwa kimeoza, na marehemu alikuwa amefungia pale kipande cha ubao na mpira wa gari. Kwenda nacho sokoni ni sawa. Kwenda nacho Manono, siku tano, ni kujitafutia kifo.

Basi nikaenda kwa Papa Saidi, fundi wa baiskeli aliye karibu na soko, mtu wa sala tano, mpole, ambaye babu zake walikuja hapa na biashara ya ziwa. Alikuwa na viti vitatu vimening'inia kwenye waya. Kimoja kilikuwa chembamba, cha plastiki, kimetoka Kigoma. Cha pili kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kikavu kama kiatu cha askari, kimechanwa mfereji katikati. Cha tatu kilikuwa kipana kama sinia, kina springi mbili kubwa nyuma, kimetoka kwenye baiskeli ya mtawa wa Kizungu. Nikakibonyeza kwa dole gumba, likazama. Moyo wangu ukasema ndicho.

Papa Saidi hakunitazama. Alilitazama gurudumu alilolishika mkononi.

"Mama Feza, ile sele ya springi haitakufikisha mbali."

"Juu ya nini haitanifikisha, Papa Saidi?"

Akazungusha gurudumu. "Ile ni ya kuendea misa tu, Mama. Hapa na pale."

Nilikasirika. Nilidhani anatutania sisi Wakristo, au ni wale wanaume wanaoona mwanamke juu ya baiskeli ni aibu ya mji mzima. Nikamwambia njo ile ninataka, ndiyo hiyo hiyo, afunge. Akafunga, kichwa chini, akakaza nati vizuri kuliko kawaida, na hakusema neno lingine.

Nyumbani nikafanya kubwa zaidi. Mimi maisha yangu yote nimeshona magodoro na mito. Kwangu kitu kikiumiza dawa yake ni sufi, na kikiendelea kuumiza, ongeza sufi. Nikashona mto wa marikani, nikaujaza sufi hadi ukavimba, nikaupitishia mshono wa mara mbili katikati ili usihame. Mshono ule niliupenda. Niliuonyesha kwa majirani.

Niliondoka Alhamisi iliyopita. Siku ya kwanza nilijiona malkia. Ijumaa asubuhi nikaanza kuhisi moto. Kiti kile kilikuwa kipana mno, kila nikikanyaga pedali kingo zake zinasugua mapaja. Mto ulilowa jasho, halafu mvua, ukawa donge, na mimi nikazama ndani yake mpaka uzito wangu wote ukakaa juu ya ule mshono wangu mzuri. Na kitenge nacho kilikuwa kinajikunja chini yangu. Suruali haturuhusiwi, mwanamke wa Zaire anavaa kitenge, na kitenge hakikutengenezwa kwa ajili ya siku tano juu ya springi.

Nilishuka nikasukuma. Nikapanda tena. Nikashuka. Jioni ya Ijumaa kitenge kilikuwa na damu, na ningali mbali na mji wa Niemba ulio njiani. Watu wa kijiji kimoja walinipa mkeka. Niliwaambia ni tumbo. Mama mmoja akanichemshia majani ya tumbo, nikayanywa yote, machungu vile, kuliko kumwambia ukweli.

Jumamosi nilishinda nimelala kifudifudi. Niliomba Mungu anipe siku moja tu ya kupona. Homa ikapanda badala yake. Jumapili wachukuzi waliokuwa wanashuka Kalemie na mihogo mikavu wakanilaza juu ya gunia, wakanisukuma kwa zamu, na mwingine akaivuta baiskeli yangu. Watoto wa njiani walidhani ni maiti. Mmoja alinipungia mkono, nikampungia, akakimbia.

Jana Mama Zaina, mke wa Papa Saidi, alikuja na mafuta ya mawese yaliyochemshwa na dawa zake. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia:

"Bwana yangu hajalala vizuri tangu umerudia. Anasema alitaka kukuambia, lakini namna gani mwanaume atamuambia mama ya watu mambo ya matako? Haya ilimukamata. Alifikiri utauliza tena."

Sikuuliza tena. Nami haya ilikuwa imenishika.

Mama Zaina akanieleza yote aliyotumwa, bila kupepesa macho. Mwanamke ana mifupa miwili ya kukalia, nayo imeachana kuliko ya mwanaume. Kwenye kiti laini mifupa inazama, halafu nyama ya katikati ndiyo inambeba mtu mzima. Kwa safari ndefu inatakiwa kiti kigumu, chenye upana wa ile mifupa na si zaidi, kiwe na mfereji katikati, pua yake iinamishwe kidogo tu. Yaani kile cha ngozi. Kile kikavu, ambacho sikukigusa hata kwa kidole.

"Wende ku mucanga yenye kuloa," akasema, "ukae, usimame, utaona bishimo mbili. Upime na kijiti, ulete. Yeye ataelewa, hakuna mwenye kusema kitu."

Nikaenda. Wanawake waliokuwa wanafua pale ziwani waliniona mtu mzima nimekaa kwenye mchanga wa maji nikiuma meno, kisha nimegeuka nakagua nilipokalia kama aliyepoteza hereni. Walicheka mpaka sabuni ikawaponyoka. Na mimi nilicheka. Vishimo vilikuwepo viwili, dhahiri kabisa, na kijiti nilichokata kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Mama Zaina alikipeleka. Papa Saidi alikipima juu ya kile cha ngozi, kikalingana.

Nimeandika mambo ya kiti muda wote huu kwa sababu naogopa kuandika la leo.

Mchana, katikati ya mvua, amebisha mchukuzi. Alitoka Manono Jumapili, amelowa, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Nikampa kiti, akakataa kukaa kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama. Basi tukasimama wote wawili.

Feza alizaa Jumamosi. Mtoto, wa kiume, alitoka amekufa.

Nilimuuliza ilikuwaje. Amesema aliyosikia kwa watu wa nyumba. Uchungu ulianza Alhamisi, siku niliyoondoka hapa. Mama mkwe alimuuliza panauma wapi, Feza akasema hapaumi. Ijumaa akaulizwa, akasema hapaumi. Walimsifu. Walisema huyu binti wa ziwani ni jasiri. Walipogundua kwamba mtoto amekaa vibaya na kumkimbiza hospitali, ilikuwa Jumamosi jioni, na muda ulikuwa umeisha.

"Hakulia hata kidogo, Mama," mchukuzi akasema. "Lakini kila mara kengele ya kinga, ya baiskeli, inalia inje, alikuwa anasema, 'Muangalie, njo Mama ule.'"

Jumamosi. Mimi nimelala kifudifudi kwenye mkeka wa watu, nakunywa dawa ya tumbo lisilouma.

Sijalia bado. Nimempa mchukuzi chai, nimemuuliza kama njia imeharibika sana, nimemshukuru, nimemsindikiza hadi barabarani. Kisha nimerudi nikapiga ukuta kwa kiganja, mara nyingi. Ninamkasirikia Papa Saidi kwa upole wake. Ninamkasirikia mama mkwe. Mimi ninajichukia kuliko wote, kwa maana nilimlea Feza hivyo hivyo. Alipovunja ungo nilimpa kitambaa na nikamwambia usimwambie mtu. Hayo ndiyo mafundisho yote niliyompa kuhusu mwili wake.

Na mchukuzi ameniambia kitu kingine akiwa tayari mlangoni. Feza ana homa. Analala kutwa, amegeukia ukutani. Wakimuuliza panauma wapi, anasema hapaumi.

Kwa hiyo nitaondoka Jumamosi. Vidonda havijafunga, najua. Mama Zaina amesema niko wazimu, kisha ameniletea chupa nyingine ya mafuta. Kile kiti cha ngozi kimeshafungwa. Mto wangu nimeufumua, sufi nimeirudisha guniani. Chini ya kitenge nitavaa suruali ya marehemu, na askari wa kizuizini akiuliza nitamwambia kwa nini, tena kwa maneno kamili, aone haya yeye.

Nikifika Manono nitamwomba mama mkwe atoke nje, nitafunga mlango, nitakaa kitandani kwa Feza. Nitamwonyesha vidonda vyangu, vyote, hata kile kimoja. Nitamwambia vilipo na vinavyouma. Halafu nitamuuliza yeye.

Itakuwaje akinijibu mimi pia kwamba hapaumi?