Ukurasa Uliokuwa Unanisubiri

Dada yangu Yusta,

Mwakeye. Barua inaanza na salamu, hilo walau nilijifunza kabla sijaikimbia shule Kidato cha Pili. Mimi mzima. Bado mimi ndiye fundi simu mkali kuliko wote Kasulu, usibishe. Na leo hata ukibisha sikusikii.

Unaikumbuka ile Jumamosi uliyotoka Kibondo na basi la asubuhi, ukafika kibandani kwangu na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi? Nikakuuliza kama ulipanda basi au ulilisukuma. Ukanipiga na mkoba. Tukakaa watatu kwenye viti viwili: wewe mwalimu mwenye maneno, Papa Amani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayejua kuandika programu, na mimi mwenye simu za kujaribia. Kamusi yetu ya Kiha ilikuwa tayari inafanya kazi kwenye simu bila mtandao. Haiuzwi, na anayetaka anaifungua ndani na kuirekebisha. Lakini watu waliokuwa wanatutumia maneno hawakujuana.

"Tutoe kijarida," ulisema. "Mtu aliyetuma neno moja tu kutoka Kasanda alione jina lake, ajue hayuko peke yake."

Ukachana boksi la televisheni, ukachora kurasa nne kwa kalamu yangu ya wino mzito. Maneno mapya, majina ya waliochangia, kazi zinazotafuta watu, na utani wa mwisho.

"Na picha yangu inakaa wapi?" nikauliza.

"Kwenye kitambulisho chako."

Papa Amani akacheka mpaka akakohoa, akaniita mdogo kwa Kifaransa chake. "Petit, weye unajisifu sana!"

Boksi hilo bado liko ukutani, Dada. Mteja mmoja alitaka kulikalia, tukakosana.

Siku ile ile uliweka sheria: hakuna anayejipitishia kazi yake mwenyewe. Ukiandika, mwingine anasoma, akiridhika anabonyeza "Kubali", ndipo inatoka. Ukasema kazi zako zote za kijarida nitazipitisha mimi. Mwalimu wa sekondari, kazi yake isahihishwe na mimi! Wiki nzima nilitembea kama mkaguzi wa shule.

Kisha ukautuma ukurasa wa majina. Mimi nilikuwa nimekuandikia aya nzima kuhusu mkono wangu usiotetemeka na simu nilizozifufua zikiwa zimetumbukia chooni. Nikafungua, nikakuta mstari mmoja: "Yohana wa Kasulu ni fundi simu, anatusaidia kujaribu kamusi." Basi! Nikafunga pale pale, sikusoma chini. Nikakujibu, "Nitaangalia nikipata nafasi." Nafasi nilikuwa nayo tele. Nilikuwa nacheza drafti.

Alhamisi ukapiga simu. "Bwana mkubwa, umeshausoma mpaka mwisho?"

"Piga magoti kwanza."

"Nimeshapiga. Uko mbali tu, huoni."

Ukacheka, ukakohoa kidogo, ukasema una homa. Mimi nikasema homa ya kunikatia aya yangu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, Dada. Jumapili shemeji akapiga, hakuweza kumaliza sentensi, na mimi nikajifanya mtandao unasumbua ili asiimalize.

Tulikuzika nyumbani Kitahana. Mimi, mwenye mkono usiotetemeka, nilishindwa kushika jembe.

Tangu hapo kila nikiwasha simu naona: "Ukurasa kutoka kwa Yusta. Unamsubiri Yohana." Papa Amani angeweza kuubonyeza yeye. Amekataa. "Dada yako alikupatia weye," anasema. "Lakini petit, yule mama wa Makere aliyetutumia maneno ananiuliza kila wiki kama jina lake limetoka." Nilimwambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nikibonyeza, ukurasa unahamia kwenye yaliyokwisha. Ukiendelea kunisubiri, ni kama bado kuna kitu unakitaka kwangu. Nilikuwa napenda unisubiri. Unaona ujinga wangu?

Leo mama wa Makere amekuja mwenyewe na khanga yake begani, akaliangalia boksi ukutani, akauliza jina lake litakaa pembe ipi. Nikaufungua ukurasa, nikausoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Majina kumi na saba, na la mama yule lipo. Chini kabisa, pembeni, umeniachia maneno ya kusoma mimi tu:

"Yohana, usinune. Aya yako sijaitupa. Toleo la pili ni ukurasa mzima wa fundi wa Kasulu, na picha utaweka. Nataka wanafunzi wangu wamjue mdogo wangu."

Ndiyo maana uliuliza kama nimefika mwisho.

Picha sitaki tena, Dada. Ukurasa huo wa pili nitaandika habari zako, mistari mitatu tu, maana ungekuwepo ungeikata ibaki hiyo hiyo. Papa Amani ataupitisha. Sheria ni sheria.

Nimebonyeza "Kubali". Mama wa Makere ameliona jina lake, akapiga vigelegele mpaka muuza nyanya akachungulia. Na mimi nimepiga magoti hapa hapa kibandani, mbele ya wateja, mbele ya yule ninayemfungaga drafti.

Uko mbali tu, huoni.

Mdogo wako, uliyemkatia aya