Mbuzi ya Kusherekea

Kavira, mutoto wa dada yangu,

Huku Butembo tuko salama, maharagi ya mama yako imetoa muzuri. Lakini mimi noko yako, mwenye kutoa camion, lori nzima, mu matope ya Eringeti na mabega, tangu uniandikie kama umeanza tena kula kwa kujificha, silale. Unasema matunzo ya Kinshasa imeshindwa, donc hautarudia kwa munganga, yule daktari wako.

Nikiwa kijana, kaka yangu Paluku alikuwa vile: akianza kula, hawezi kuacha. Mama munganga mumoja wa Beni akamusaidia, akapata nafuu. Sisi tukamuchinjia mbuzi ya kushukuru Mungu. Mimi peke yangu nikamaliza miguu yote ine. Mama yetu akamujazia sahani: «Kula, Paluku, umepona.» Akakula, akashindwa tena kuacha, mpaka akalia.

Kesho yake akarudi Beni akiona haya. Munganga akamuambia tu: «Ikala, kiti yako iko.» Akaendelea na matunzo, na leo anakula na sisi kama batu bote.

Rudia kwa munganga, Kavira. Ile mbuzi nilinunua ya kukupokea, nimeirudisha sokoni Vuhovi. Ukifika tutakula maharagi tu, mimi pembeni yako, nikikupigia uongo wangu mpaka sahani zitolewe. Uniandikie hata neno moja. Simu iko mukononi.

Noko yako,
Kambale