Ukuta Uliopakwa Rangi Ukiwa Mbichi

12 Aprili

Mwanangu,

Kazi zinaendaje huko? Huku sijambo, kifua tu ndicho kinanisumbua kidogo. Dada yako anakusalimu.

Nakuandikia habari za ukuta wa chumbani. Nyuma ya kabati kumeota ukungu mweusi, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Nimeusugua, baada ya wiki umerudi. Magauni ya marehemu mama yako yameshika madoa meupe kwenye kola. Niliyashona mwenyewe yale. Nikayatazama, nikafunga kabati, wala sikusikia uchungu wowote. Wewe ndiye fundi rangi, niambie nifanye nini.

Baba yako

25 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi mzima, kazi zipo. Hicho kifua kimeanza lini?

Kabati liache nafasi ya kiganja kizima na ukuta, hewa ipite. Asubuhi fungua dirisha na mlango kwa pamoja. Sufuria ikiwa motoni ifunike, na usianike nguo ndani hata mvua inyeshe vipi, maana maji yote yanayotoka kwenye nguo yanaishia ukutani. Huo ukungu usugue kwa maji ya sabuni, umejifunga kitambaa puani, kisha ukaushe kabisa. Magauni yatoe juani. Lile bomba la bafuni lililopasuka nyuma ya ukuta huo, mwite fundi alitazame tena.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kilianza mwezi wa tatu.

Nimefanya yote. Magauni yalikaa kwenye kamba siku tatu, jirani akaja kunipa pole upya, nikampokea. Jikoni kukavu, bafuni kukavu, na fundi bomba anasema bomba ni zima. Ni ukuta ule mmoja tu. Rangi imevimba malengelenge, nimetoboa moja, yakatoka maji. Daktari anataka nihame chumba, nimemkatalia. Nikalale wapi? Kitanda ni kile, na upande wangu ni ule wa ukutani.

Ukuta huu una nini?

Baba yako

2 Agosti

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sina cha kusingizia. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa ovaroli muda wote huu.

Ukuta ulikuwa mbichi. Ile plasta iliyopigwa bomba lilipozibwa ilikuwa na siku nne tu, inataka wiki nne. Mimi nikaipaka rangi ya mafuta, mkono wa kwanza na wa pili, maji yakafungiwa ndani. Hata anayeanza kazi leo hafanyi hivyo. Nilijua, baba. Watu walikuwa wamejaa msibani, mama ndiyo kwanza tumemzika, na mimi sikuweza kukaa nao. Nikasema chumba lazima kiwe safi.

Ndiyo maana siji nyumbani, naona aibu. Sijalia mpaka leo. Napaka kuta za watu, nakula, nalala. Hama hicho chumba, tafadhali. Kifua hicho nimekuletea mimi.

Mwanao

14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Dawa nanywa.

Nilijua. Ulipokuwa ukipaka mkono wa kwanza niliingia, nikagusa pembeni ambako ulikuwa hujafika. Mimi fundi cherehani, rangi siijui, lakini kitu kibichi nakijua. Ningeweza kukuzuia. Nikaona angalau mikono yako ina kazi, nikatoka, nikakufungia mlango. Mimi yangu haikuwa na kazi siku ile. Nilipokuuliza ukuta una nini, nilitaka tu uandike mwenyewe. Basi usijibebeshe peke yako.

Juzi nimehamia sebuleni. Jana nikafungua madirisha, nikajifunga kitambaa, nikaanza kuikwangua rangi kwa kisu cha jikoni. Inatoka mapande makubwa, plasta chini yake nyeusi, inanuka. Mkono ukaniuma, nikakaa sakafuni, nikalia. Tangu tumzike ndiyo mara ya kwanza. Nililia mchana kweupe, mpaka jirani akachungulia dirishani, nikamwambia ni vumbi.

Nimekwangua mpaka pale mkono wangu unapofika. Kupanda ngazi siwezi kwa kifua hiki. Huko juu nimekuachia wewe. Njoo.

Baba yako