Usitume Vigae, Kaka

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Umeanza kuvaa sweta au bado unajifanya shujaa? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, Shangazi anagomba vizuri, na mimi magoti yangu yameota sugu kwa sababu nitakayokueleza. Usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na Mama, maana najua ndiye unayemtafuta kwenye karatasi hii. Macho hayakurudi, na daktari ametuambia tusiyasubiri tena. Ile presha ya macho imeshamaliza kazi yake. Lakini kiwiko alichoumia alipoteleza ukumbini kimepona. Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, na ukimshika mkono bila kuombwa anakupiga kofi.

Uliposikia ameteleza ulipiga simu ukasema sakafu ya mbao ing'olewe, viwekwe vigae. Nakuelewa. Mtu aliye mbali anataka kufanya jambo, lolote lile. Fundi wa vigae uliyemtuma alikuja na futi yake, akapima ukumbi na korido, akagonga mbao kwa kisigino, akatangaza kwamba zimechoka. Nilimpa chai, nikamsindikiza hadi getini, nikamwambia asirudi mpaka nimwite. Kwa hiyo usimlaumu kwamba hajaanza kazi. Aliyemzuia ni mimi.

Kaka, mbao hazina kosa. Unamjua Shangazi: kwake nyumba isiyomwagiwa maji haijaoshwa. Tangu Baba atutoke na yeye kuhamia hapa, kila Jumamosi amekuwa akimwaga ndoo nzima ukumbini na kuyasukuma maji kwa ufagio mpaka uani, utadhani anaosha gari. Mbao zikanywa, zikavimba, kingo zikanyanyuka. Zikipauka, anazipaka nta. Jumamosi inayofuata maji tena, kisha nta juu ya nta, na sabuni imenasa katikati. Mama hakuteleza kwenye mbao za Baba. Aliteleza kwenye mapenzi ya Shangazi.

Nilipomnyang'anya ndoo alinuna.

"Kwa hiyo sasa tutasafisha nyumba kwa mate?"

Nikamwambia vumbi linafagiliwa kwa ufagio laini, kisha mopu iliyokamuliwa mpaka haidondoshi hata tone. Sasa ndiye anayewasimamisha wageni mlangoni wavue viatu, eti mchanga unakwaruza mbao. Ukimsikia utafikiri sakafu kaitengeneza yeye.

Kazi nimeifanya kwa mikono yangu, jioni nikitoka kazini na siku za mapumziko. Kwanza niliziacha mbao zikauke, madirisha wazi, mpaka kingo nyingi zikashuka zenyewe. Halafu nikatoa nta kwa kitambaa chenye tapentaini, kipande kwa kipande, na ilitoka nyeusi kama masizi. Nikapiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kama Baba alivyotufundisha karakanani kwake, wakati wewe ulikuwa unatorokea mpirani. Nyufa nimeziziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao zilezile. Mwisho nikapaka mafuta ya kitani, kidogo tu, nikafuta yote yaliyobaki juu ili yasinate. Vitambaa nilivitandaza uani vikauke, maana vikikunjwa na mafuta yake vinaweza kushika moto vyenyewe. Nimekuandikia yote haya ili usije ukasema nilibahatisha.

Sakafu haing'ai tena, na ndivyo ninavyotaka. Mguu unashika. Ile rangi yake ya wekundu imerudi, na ilipoanza kujitokeza karibu na dirisha nilimkumbuka Baba, nikalia msasa ukiwa mkononi.

Sasa nikueleze jambo lililonitoa jasho. Unaukumbuka ule ubao unaolia mbele ya chumba cha Mama? Ule uliokuwa unakuchongea kila ulipochelewa kurudi. Baba alisema atautengeneza, miaka ikapita. Mimi nikaona nimalize kazi ya mzee wangu. Nikautia skrubu, nikaukaza, ukanyamaza kabisa. Nilijisifu mbele ya Shangazi mpaka akachoka.

Asubuhi yake Mama alitoka ukumbini kwenda kupumzika. Mlango wa uani, ule wa mwisho wa korido, nilikuwa nimeuacha wazi ili mafuta yakauke. Akaja na korido taratibu, kama kawaida yake, akaupita mlango wa chumba chake, akaendelea. Nilikuwa jikoni nimeshika sufuria. Nilipogeuka, mguu wake mmoja ulikuwa hewani unatafuta sakafu, na mbele yake ni zile ngazi za kushukia uani. Nilipiga ukelele, sufuria ikaenda zake. Mama akarudisha mguu. Nilimkuta ameng'ang'ania fremu ya mlango.

"Ubao wangu uko wapi?" aliniuliza. "Nimeungoja ulie, haukulia."

Kaka, tulidhani Mama anatembea kwa kupapasa ukuta. Kumbe anakwenda kwa nyayo. Ukumbini mbao ni pana, kwenye korido ni nyembamba, na kidole chake kinaijua tofauti. Mlangoni pa jikoni kuna fundo la mti analihisi kwa kisigino. Kisha ubao unalia, naye anageuka kulia, yuko kwake. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Nilichomoa zile skrubu palepale, hata chai sijanywa. Mama akaukanyaga ubao, ukalia. Akaukanyaga tena, ukalia. Akacheka huku machozi yanamtoka, akaingia chumbani mwake bila kushikwa na mtu.

Kwa hiyo vigae haviji. Wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu, lakini kwa hili sikuombi, nakuarifu. Kigae cha ukumbini na kigae cha mlangoni pake vyote ni baridi, vyote ni laini, vyote ni bubu. Ukiviweka utakuwa umemzimia Mama taa kwa mara ya pili, na safari hii itabidi ashikwe mkono kila aendako, yeye ambaye hataki kushikwa. Fundi akija nitakaa mlangoni, na unajua nikikaa nimekaa. Mlango wa uani nimeutia komeo, na pembeni mwa ngazi nimeweka mti wa kushikilia. Sakafu nitaipangusa mwenyewe na kuipaka mafuta kila inapoanza kukauka. Ukitaka kusaidia, tutumie vile vitambaa vizito vya kubandika chini ya miguu ya viti, huku sijavipata. Na umpigie fundi umwambie kwa heshima kwamba kazi haipo tena.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa chake cha meza kimefika. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, na anasisitiza kwamba maji kidogo hayajawahi kumdhuru mtu. Mungu awalinde huko, awarudishe mkiwa wazima.

Mama hakutaka kuniambia neno jingine ila hili, nami naliandika kama alivyolisema. Ukija, usipige simu, wala usibishe hodi. Vua viatu, upite ukumbini, uje na korido, uukanyage ule ubao. Anasema hata kama ni saa ngapi, atajua ni mwanawe aliyechelewa kurudi.

Mdogo wako akupendaye bila kukuogopa,
Kichwa Ngumu