Miche Mitano Niliyoidumaza

Nyumba ya pili baada ya kinu cha mpunga,
Kijiji cha Nong Phai,
Sakon Nakhon.

24 Novemba 2566
(huko kwenu bado mko 2023, mmechelewa kama kawaida yenu)

Mpendwa shemeji yangu Lamduan,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na magoti yako bado yanakubeba katika baridi ya huko Bremen. Je, Detlef naye hajambo? Mwambie sijamsahau alivyokula pilipili zetu, akatoka jasho mpaka kwenye masikio, akasema ni tamu huku machozi yanamtiririka. Mwanamume mwongo namna hiyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Mimi sijambo, ila meno: yamebaki saba na hayaelewani. Mpunga wa kunata umekubali mwaka huu, tunavuna, migongo inalia.

Kwa mdomo, dada yako Buakham ni mzima kabisa. Ananisema tangu jogoo hajashuka mtini. Kwa mwili si mzima, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Ukipiga, wewe unalia, mimi natania, dada yako anasingizia mtandao, tunakata bila mtu kusema neno. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililikalia miaka miwili, lakini angalau kalamu hailii. Mwalimu Prapha atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo hii. Wewe isome kama barua, polepole, ukiwa umekaa.

Nimeelewa kwamba umempatia kitanda katika hospitali kubwa ya Bangkok, na kwamba gari la wagonjwa linasubiri neno langu tu mpaka tarehe thelathini. Ahsante sana, shemeji. Sikujibu, ukaniita gogo. Ni kweli mimi ni gogo, lakini acha nikueleze gogo lilikuwa wapi.

Mwezi wa Agosti daktari alituambia kuwa saratani ya njia ya nyongo imeshalitawala ini. Akasema miezi mitatu, labda minne. Akatuuliza kama tulikuwa tunakula samaki mbichi, maana wana minyoo ya ini, na minyoo hiyo ndiyo huleta saratani hii. Nilitaka kucheka. Nani kwetu hajala samaki mbichi wa kukatakata, na limao na pilipili? Mimi nimekula kuliko yeye. Na mara nyingi ni mimi niliyemvua, nikamkata, nikamwekea mbele yake nikisema, kula, mke wangu, bado anatikisa mkia. Ini langu mimi ni zima kama jiwe. Hilo nalibeba, shemeji, na sijapata pa kulitua.

Kilichomtesa zaidi hakikuwa kufa. Kilikuwa kutolala. Aliketi kitako amekumbatia mto mpaka kunakucha, na chakula chochote kilimnukia uvundo. Vidonge vilimfunga choo na kumtapisha. Ndipo Mama Wilai, mganga wa tiba ya asili pale kituo cha afya, aliponiambia ana matone anayotengeneza kwa maua ya bangi. Hakunidanganya. Alisema hayaponyi, ila huenda yakampa usingizi na hamu ya kula. Lakini maua yamemwishia, na bangi ya kienyeji haitavunwa mpaka Januari. Nilihesabu miezi kwa vidole mara tatu. Kila mara Januari ilikuwa mbali kuliko dada yako.

Bangi yetu unaijua. Marehemu mama yenu alitia majani mawili matatu kwenye mchuzi wa kuku, kisha ukoo mzima ukawa unaucheka mwiko. Ile husubiri siku zifupike ndipo ichanue. Jirani yangu Suthin akaniambia mjini kuna mbegu nyingine, zinazochanua zenyewe. Hizo hazijali jua limezama saa ngapi. Zinahesabu siku zao tangu kuota, na siku ya sabini na tano zimemaliza kazi. Nikaenda na basi la kwanza. Mwuzaji ni binti mwenye nywele za rangi ya papai. Nikachukua mbegu sita, na kwa kuwa sheria sasa inaruhusu, mkuu wa kijiji akaniandikisha mkulima wa bangi kwenye simu yake kwa heshima zote, utadhani naoa tena.

Yule binti alinionya. "Babu, zipande palepale zitakapokulia. Usizihamishe, usizikate. Hizi hazisubiri mtu."

Nikamjibu, "Mjukuu wangu, mimi nimepandikiza mpunga tangu mama yako hajajua kujifuta makamasi."

Akanitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda meza, akanifungia mbegu zangu.

Hapa sasa una ruhusa ya kucheka, shemeji. Wewe umezaliwa matopeni kama mimi, unajua imani yetu ni moja: mche usiong'olewa haukui. Nikatengeneza kitalu nyuma ya ghala, nikafukia mbegu tano. Ya sita sikuiona, nikadhani nimeiangusha. Siku ya ishirini na tano miche ilikuwa na urefu wa shibiri, kijani cha kung'aa. Nikaing'oa. Nikaipigapiga kwenye unyayo kukung'uta matope, nikaikata ncha kwa kisu, nikaipandikiza kwenye ndoo tano kwa mstari ulionyooka kama sala. Suthin akapita akasema kwa mstari ule ningepata tuzo.

Mpunga ukiung'oa hununa wiki moja, kisha husamehe. Miche hii haikusamehe. Wala haikununa, ilisimama tu na kuendelea kuhesabu. Siku ya thelathini na tano ikaanza kuchanua ikiwa haijafika hata goti la kuku, kila mmoja na kijiua kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Suthin akaniuliza kama mwaka huu nawalimia sisimizi. Nikacheka naye mpaka akaondoka. Halafu nikaenda nyuma ya ghala, nikakaa chini, na sitakuandikia nilichofanya huko. Ilikuwa mara ya pili mkono wangu kumharibia mwanamke yuleyule.

Mbegu ya sita ilikuwa imeibiwa na dada yako. Siku ileile niliyotoka mjini alichomoa moja, akaichomeka kwenye lile karai bovu la vitunguu vya majani nje ya jiko, lililoinuliwa juu ya miti minne ili kuku wasifike. Pale anafikia bila kuinama. Sikugundua mpaka mche ulipovipita vitunguu, na wakati huo ulikuwa mnene, umetanua mikono kama unataka ugomvi. Nikaja mbio na ndoo na kisu, niutoe mle niupe nafasi. Dada yako alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi. Akaweka mkono juu ya karai.

"Uache hapo, mzee. Umeshatesa mitano."

Nikamweleza kwamba karai ni dogo, mizizi itabanana, ndoo ina samadi nzuri ya nyati wetu wa kulimia.

"Huo umebakiwa na siku ngapi?"

Nikahesabu. Arobaini.

"Basi usizimalize kwa kuuhamisha."

Alikuwa anatazama vitunguu, si mimi. Kisha, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi, akasema, "Na mimi vivyo hivyo. Mwambie Lamduan."

Hiyo ilikuwa Septemba, shemeji, na wewe ulikuwa umeanza habari za Bangkok. Sikukuambia. Niliogopa utaniuliza kama nimekata tamaa. Dada yako kila wiki aliniuliza, umemwambia? Nikasema mtandao mbaya. Ndiyo, nimejifunza kwake.

Mche ulifika kidevuni kwangu, ukihesabu na miguu ya karai. Novemba tatu tukauvuna. Alikata mwenyewe, mimi nikashika tawi na kutukanwa kwa kulishika vibaya. Mama Wilai akayapokea maua yalipokauka, akapokea na vile vijiua vyangu vya sisimizi, vyote vitano, akavipima bila kucheka. Tangu hapo namwamkia kwa mikono miwili.

Ana siku tisa sasa na matone hayo. Asubuhi ya pili jua lilishapanda nami nikamkuta bado kalala, mdomo wazi. Nikaweka kiganja puani pake. Akafungua jicho moja akasema, "Sijafa. Ondoa mkono, unanuka samaki." Siku hiyo alikula matonge manne ya wali wa kunata na supu ya machipukizi ya mianzi, akalalamika kuwa supu haina chumvi. Nilitoka nje nikaenda kuwahesabu kuku, na kuku idadi yao naijua.

Usije ukanisoma vibaya. Haponi. Manjano ya macho yanazidi na miguu imevimba. Lakini analala, na akiamka anakaa mlangoni kwenye blanketi lake, anawaambia wavunaji nani anafunga miganda kama anafunga mtoto nepi. Njia ya Bangkok ni mwendo wa saa kumi na moja kitandani mwa gari, na kule atatazama dari.

Kwa hiyo neno unalolisubiri sitalitoa. Mwambie mwenye gari asije. Kitanda apewe mtu mwingine anayetaka kuhama. Ukitaka wa kumlaumu, mimi nipo, nimezoea, na kidogo nastahili. Lakini aliyekataa ni yeye, na ana akili zake zote. Za kwangu nyingine anazo yeye.

Nisalimie Detlef, na binti yenu Malai, mwambie baba yake mkubwa wa huku bado hajajifunza neno moja la lugha yake ila lile baya. Suthin anakusalimu, anasema ulimkataa mwaka ule na hajapona. Mwalimu Prapha naye anakusalimu, anasoma begani kwangu na kunisahihisha.

Kabla sijafunga. Jumapili wazee na watawa walikuja kuiita roho yake irudi mwilini, wakamfunga nyuzi nyeupe kwenye kifundo cha mkono. Kijiji chote kilipita, mpaka watu ambao hajasemeshana nao miaka. Mkono wa kushoto ulijaa nyuzi ukawa kama umefungwa bendeji. Wa kulia aliuficha chini ya blanketi. Suthin alipojaribu kuuvuta alipigwa kibao, mbele ya watawa. Mimi mwenyewe niliuomba, mumewe wa miaka arobaini na sita, nikanyimwa.

"Huu ni wa Lamduan," alisema.

Mpaka leo hauna uzi hata mmoja. Ndege ipo, shemeji, nauli hiyo ya gari igeuze. Nyuzi tunazo, usibebe kitu. Njoo na vidole vyako, na uje upesi, maana mimi sitaki kuufunga mkono ule baadaye kwa niaba yako.

Mema yote uliyoyatenda yakutangulie njiani na kukufikisha.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda hata ukiniita gogo,

Khamsing